Shangazi Akae wa Mwisho

Mimi si mtu wa kusema. Kanisani, wenzangu wakigombania kusoma neno mbele ya watu, mimi naomba kupanga viti. Kwa hiyo siku niliposema neno moja mbele ya wageni, nyumba nzima iligeuka kunitazama kama vile sufuria imeongea.

Ilikuwa Jumapili watu wa bwana arusi walipokuja kwetu Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, kumaliza mazungumzo ya ndoa. Dada yangu alikuwa anaolewa na fundi wa redio wa Nsungwi, kule Lilongwe. Ni Wakongomani wa Bukavu kama sisi, ila wao walitoka kambini zamani na wakawa watu wa mjini. Msemaji wao alikuwa shangazi wa bwana arusi, mama mnene mwenye sauti ya kufika hadi nyumba ya tatu, anayeuza vitenge sokoni. Sisi shangazi tunamwita tantini. Huyu hata watu waliomzidi umri walimwita tantini.

Mambo yalikuwa yamekwenda vizuri, kuku ameliwa, maombi yamefanywa. Ndipo tantini akajifuta midomo na kuuliza:

"Na kadi za mualiko? Kule Nsungwi bantu bote banangoja kadi. Ama huku kambini munaandikaka ku mufuko ya simenti?"

Wageni wakacheka. Mama akacheka pia, kile kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole. Dada akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa napita na sinia ya Fanta, na sijui nini kilinisukuma.

"Ndiyo," nikasema.

Tantini akanigeukia. "Ndiyo nini, mutoto?"

Nikamnyooshea chupa ya Fanta. Dada ndiye aliyeniokoa, au ndiye aliyenizamisha, bado sijaamua.

"Ni kweli, tantini. Mudogo wangu anajua kutengeneza karatasi na mikono yake, hata ya mufuko wa simenti. Shuleni banamwitaka fundi. Yeye njo atafanya kadi zetu."

Hakuna aliyewahi kuniita fundi.

"Basi sawa," tantini akasema, "Jumamosi ya wiki ya pili nakuya kuzichukua mi mwenyewe. Tutaona."

Wageni walipoondoka dada alinifuata jikoni, akanishika mashavu. "Unisikie. Hao bantu banafikiri tuko vumbi. Kadi zikikosa, batasema bibi arusi alitoka ku vumbi. Kila siku nitaisikia kwa ile nyumba. Unaweza?"

Nikaitikia kwa kichwa kwamba naweza. Kuitikia kwa kichwa huwa ni rahisi.

Kujua nilijua, lakini kidogo. Mwalimu wetu wa sayansi, Mmalawi mpole, alikuwa ameanzisha klabu ya kutengeneza karatasi kutokana na karatasi kuukuu za mitihani. Niliingia kwa sababu klabu nyingine ilikuwa ya mijadala. Kwenye karatasi hakuna anayekuuliza maoni yako. Unazamisha mikono majini, unafanya kazi, na ukirudi nyumbani vidole vimejikunja kama zabibu kavu. Nilifurahi huko kuliko mahali pengine popote shuleni.

Mifuko ya simenti niliipata kwa wajenzi, nikaikung'uta na kuiosha, kisha nikailoweka hadi ikalainika. Ile karatasi ya kahawia ni ngumu, nyuzi zake ni ndefu, inataka kutwangwa kweli. Nikachukua kinu.

"Kinu ya sombe!" mama akapiga kelele kutoka kwenye cherehani yake. "Kesho tukule nini, ukuta?"

"Nitakisugua, mama."

Nilikisugua, lakini majani ya muhogo yana ukaidi wake. Karatasi zangu za kwanza zilitoka na vidoadoa vya kijani. Dada alisema zinapendeza, akaniomba hata nisisugue tena.

Kazi niliifanyia nyuma ya nyumba, kwenye beseni kubwa. Maji tulikuwa tukiyapangia foleni bombani na ndoo kama kila mtu, kwa hiyo sikuyamwaga ovyo. Uji wa karatasi ulikuwa mwembamba, karibu maji matupu, na jirani yetu, mama mmoja Mrundi mcheshi, hakupita bila kuchungulia.

"Huyo uji ni wa nani, mwana wanje?" aliuliza, yaani mwanangu.

"Wa bibi arusi."

"Ee! Basi atakonda huyo!"

Kifaa chenyewe kilikuwa fremu ya mbao niliyoipigilia kipande cha neti ya mbu. Unaizamisha, unaiinua ikiwa imelala sawa, unaitikisa kidogo mbele na nyuma, halafu unangoja. Pale pa kungoja ndipo ninapopapenda. Maji yanaanguka kwanza kwa kelele, shaaa, kama mvua ya kwenye bati. Kisha yanapungua yanakuwa nyuzi, nyuzi zinakuwa matone. Juu ya neti unabaki uji unaong'aa kama jicho. Ukitazama kwa utulivu utauona ule mng'ao ukizama: unaanza pembeni, unakwenda katikati, na ghafla haupo tena. Wakati huo ukigeuza fremu juu ya kitambaa na kuibonyeza taratibu, karatasi inaachia neti na kulala kwenye kitambaa bila kuchanika. Ukiwahi, inamwagika. Maji yaliyopita kwenye neti niliyarudisha kwenye beseni, kwa sababu yalikuwa bado yamebeba vinyuzi vidogo ambavyo safari ya kwanza havikupata nafasi. Wengine hupata nafasi safari ya pili.

Mwalimu alikuwa ametueleza kwamba karatasi inaachana na maji mara tatu. Maji ya kwanza yanaondoka yenyewe, ukiyapa muda. Ya pili hayatoki mpaka yasukumwe. Ya tatu yamejificha ndani ya nyuzi kabisa, hayo hata ukisukuma ni bure, yanabembelezwa na jua na upepo. Nilimwelewa haraka kuliko somo lolote. Ndani yangu pia kuna maneno ya namna hizo tatu.

Kusukuma kuna adabu yake. Karatasi mbichi zinapangwa moja juu ya moja, katikati yake vitambaa. Mimi nilitumia vipande vya blanketi kuukuu ambavyo mama alinikatia, maana vinakunywa maji vizuri. Juu ya rundo unaweka ubao, na juu ya ubao uzito mdogo kwanza. Maji yanatafuta njia yao polepole kupitia kitambaa. Yakishapungua ndipo unaongeza uzito, na tena, na tena. Ukiweka uzito mkubwa mara moja, maji yote yanataka kutoka pamoja, njia ni ndogo, basi yanabeba uji na kukimbia nao. Shuleni tulitumia matofali. Nyumbani nilikuwa nimeazima machache kwa jirani.

Ijumaa ile, siku moja kabla ya tantini kuja, rundo langu lilikuwa tayari. Kadi zote za Nsungwi zilikuwa mle. Nililipanga kivulini mbele ya nyumba, mahali penye ardhi sawa, nikaweka ubao juu. Vumbi la Dzaleka unalijua: likiona kitu kibichi linakimbilia. Nikachukua kitambaa cheupe cha mama kilichodariziwa maua, kile cha kufunika meza Krismasi, nikafunika vyote. Kisha nikaenda nyuma kuleta matofali.

Niliporudi na tofali moja kila mkono, kabaza, baiskeli ya kubebea abiria, ilikuwa imesimama mbele ya nyumba. Mwenye baiskeli alikuwa anapumua kama amebeba magunia. Tantini alikuwa ameshuka, amejifunga kitenge cha rangi ya dhahabu, mkoba kwapani.

"Mujambo! Nimekuya leo, kesho kuko mvua, nani anajua!"

Kwetu mgeni hasimami. Mgeni mkubwa wa umri ndiye anayekaa wa kwanza, na mkwe ndiye mgeni kuliko wageni wote. Mama alitoka mbio, akarudi mbio, kwa sababu viti vyote vilikuwa na wateja wa kushonewa. Lakini tantini hakuhitaji kiti. Alikuwa ameshakiona chake: kirefu, cha kivulini, kimetandikwa kitambaa cha maua.

"Aa! Kumbe mulijua nitakuya," akasema kwa furaha, akageuka, akakaa.

Nilisikia sauti. Ilikuwa kama ng'ombe aliyenyanyua mguu kutoka matopeni. Maji yakaruka kila upande wa rundo, ya kahawia, mazito. Nilijua ule uzito ulimaanisha nini. Hayakuwa maji yanatoka. Zilikuwa kadi za dada yangu zinakimbia.

Nilifungua mdomo. "Jambo, tantini," nikasema.

"Jambo, mutoto. Ona vile ana adabu!"

Mama alikuwa mlangoni ameona kila kitu. Dada alikuwa nyuma yake, mkono mdomoni. Unamwambiaje mkwe ainuke mahali alipokaa? Bora ungemwambia arudi kwao. Basi mama akaanza kuuliza habari za Nsungwi, dada akaleta chai, mimi nikasimama na matofali yangu kama mnara, na tantini akasimulia mambo ya sokoni, na kila alipocheka alidundadunda, na kila alipodunda kitu kilifanya shwee chini yake. Maji yakatengeneza kijito kidogo kikaelekea kwenye viatu vyake.

Akakitazama. "Hapa kwenu mayi inatoka chini?"

"Ni ya kufua," mama akasema haraka.

Alipoinuka kwenda kulala kwa rafiki yake wa kanisani, kadi azichukue kesho yake kama tulivyoahidiana, kitenge cha dhahabu kilikuwa na ramani nyuma. Alijipapasa, akatutazama mmoja mmoja, akaondoka.

Nilifunua rundo. Katikati karatasi zilikuwa zimekuwa nyembamba kama utando, pembeni uji umejikusanya mabonge mabonge. Nyingine zilikuwa na matundu ya kupitisha ngumi. Dada alichutama karibu yangu. Hakulia. Alichukua bonge moja, akaliminya.

"Kesho atachukua nini?" akauliza.

Niliendelea kufunua, kwa sababu mikono yangu ilikuwa haijui kuacha. Ndipo karibu na mwisho nikaona kitu. Karatasi moja ilikuwa imepona nusu yake. Ile nusu ilikuwa ngumu, laini ya kuteleza, karibu imekauka. Shuleni, kwa matofali yetu yote, hatukuwahi kupata karatasi ya namna ile. Nikaipitisha kidole mara nyingi.

"Dada," nikasema, "uzito wake ni muzuri."

"Unasema nini?"

"Ni mapema tu. Tantini alitakiwa aikale wa mwisho."

Uji ulikuwepo bado kwenye beseni, na ule uliokimbia niliurudisha humo humo, ukatwangwa upya. Jioni yote nilizamisha na kuinua, nikasubiri mng'ao uzame, nikageuza. Dada alinipangia vitambaa. Tulipokwenda kulala rundo jipya lilikuwa ndani ya nyumba, chini ya ubao mtupu, linajivujia lenyewe.

Asubuhi nilimweleza mama mpango wangu. Aliacha kukanyaga cherehani.

"Unataka mukwe wetu asimame na batoto baikale? Batatuimba mpaka Bukavu!"

"Mama, matofali hayatoshi, na kama ataikala wa kwanza tena, hakuna kadi."

"Basi we njo utamuambia. Mi sina mudomo ya kusema ile."

Mimi ndiye nimwambie. Mimi, mpanga viti. Nilitamani hata ile klabu ya mijadala.

Tulilitoa rundo mbele ya nyumba. Tantini alikuja akiwa amevaa kitenge kingine, cheusi safari hii, bila shaka kwa sababu za usalama. Mama akamwekea kiti cha kweli mbali na ubao. Alipita kando ya rundo kwa mzunguko mkubwa.

"Apo siikale tena," akasema. "Benchi yenu inakojoaka."

Jirani Mrundi, aliyekuwa anatazama kutoka kwake akiwa na mtoto mgongoni, alicheka hadi akashika ukuta. Na kwa kuwa watu walikuwa wanacheka, nilipata upenyo.

"Tantini," nikasema. "Si benchi. Ni kadi."

Tantini akanigeuzia sikio. "Sema kwa sauti, mutoto."

Nikasema kwa sauti. Nilimweleza kuhusu maji, jinsi ya kwanza yanavyojiendea na ya pili yanavyosukumwa, na jinsi yakisukumwa ghafla yanavyokimbia na karatasi. Sikuwahi kusema maneno mengi hivyo mfululizo. Nilikuwa nayaangalia maua ya kile kitambaa, nayahesabia petali, na maneno yakawa yanatoka tu, tone baada ya tone.

"Kwa hiyo mwepesi anaikala kwanza," nikamaliza, "na mwenye uzito wa mwisho. Wewe njo wa mwisho, tantini. Bila wewe haziwezi kuwa nzuri."

Mama alikuwa ameziba uso kwa kanga.

"Ngoja," tantini akasema. "Jana ni mi njo niliharibu?"

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa na uzoefu. Lakini alikuwa ameuliza, na dada alikuwa amesimama pale.

"Ndiyo," nikasema.

Kilichotoka kifuani mwake kwanza nilidhani ni hasira. Kilianza chini, kikapanda, mkoba ukaanguka. Tantini alikuwa anacheka. Alicheka hadi machozi, akajipiga mapaja, akamnyooshea mama kidole. "Na bote mulininyamazia! Munaninywesha chai, na mi naua harusi! 'Ni ya kufua'! Mayi ya kufua! Njo heshima hiyo?"

"Tungesema nini, tantini?" mama akasema kupitia kanga.

"Mungesema: inuka, munene! Haya. Nani mwepesi?"

Mwepesi alikuwa mtoto wa jirani. Alishushwa mgongoni, akawekwa juu ya ubao kama askofu. Matone machache yakatoka, safi, bila uji. Nilichungulia pembeni: safi kabisa. Akaondolewa akilia, alikuwa amekipenda kiti. Nikakaa mimi. Maji yakatoka taratibu, nikayasikia chini yangu yakitafuta njia. Kisha dada, kisha jirani, kisha mama aliyekaa upande kwa aibu kama yuko kwa daktari. Wapita njia walisimama. Mwenye kabaza mmoja aliuliza kwa Chichewa hapa mnapima uzito wa nini, na kama na yeye anaweza kujaribu.

"Wewe ngoja," tantini akamwambia. "Hapa kuna foleni, na mimi ni wa mwisho!"

Akatembea kwenda kwenye ubao kama mtu anayekwenda kupokea cheti. Akageuka. Akashuka polepole, polepole, mikono imeshikwa na mama upande huu na dada upande ule, mimi nimepiga magoti natazama pembeni mwa rundo. Maji yakaja kwa wingi lakini yalikuwa maangavu. Hayakubeba kitu.

"Inakojoa?" akauliza.

"Vizuri sana, tantini."

Akatulia, akaanza kumsimulia jirani habari za mteja mmoja wa vitenge. Maji yakapungua, yakawa matone, yakakoma. Hapo kulikuwa na jambo ambalo sikuwa nimeliwaza. Uzito ukiondoka, blanketi lililojaa maji linalegea, na karatasi iliyominywa inakuwa na kiu: inayanywa tena yale yale. Lazima uzitenganishe pale pale. Na tantini alikuwa katikati ya hadithi, anajisogeza kushoto na kulia, anajinyanyua kidogo kila anapofika penye utamu, na kila akijinyanyua nililiona rundo likivuta maji ndani.

"Simama!" nikapiga kelele.

Sikusema tafadhali. Sikusema hata tantini. Alisimama kama askari, mkono ukaenda wenyewe kwenye paji la uso, na kabla mama hajapata nafasi ya kuzimia mimi na dada tulikuwa tunafunua, kitambaa huku, karatasi huku. Zilitoka nzima. Zilikuwa na ubaridi wa maji tu, zinashikika kwa ncha mbili bila kulegea. Tukazibandika kwenye mlango na kwenye ukuta uliosakafiwa, tukizipangusa kwa kiganja, na zilizobaki mama akazipiga pasi ya makaa juu ya kitambaa, mvuke ukimfunika uso. Tantini alizunguka mle mle, akigusa moja moja.

"Hii niliikalia," alikuwa akisema. "Na hii. Ona vile iko laini."

Mchana zilianza kujibandua zenyewe ukutani, moja baada ya nyingine, na kuanguka kwa sauti ndogo kama jani. Dada aliandika majina kwa mwandiko wake mzuri, kalamu ikiteleza. Tantini alizibeba kwenye mkoba zikiwa zimekaa sawa, akapanda kabaza hadi barabarani, na mkoba ule hakumwachia mtu.

Harusi ilifanyika Nsungwi. Nilisikia jinsi kadi zilivyofika kwa watu: tantini alizigawa kwa mkono, na kila aliyefungua alielezwa, kabla hajasoma jina la bwana arusi, ni nani aliyezikalia. Sijasikia kwamba kuna mtu aliyetaja vumbi.

Ukumbini watu walikuwa wengi kuliko viti. Mimi nilikuwa nimesimama ukutani karibu na mlango, mahali pangu pa kawaida, nikiangalia kama kuna viti vya kupanga. Sauti ikanifikia kutoka mbele, ile ya kufika nyumba ya tatu.

"Huyo mutoto wa karatasi iko wapi? Kuya hapa! Bakubwa, mungoje kidogo. Leo yeye njo anaikala wa kwanza."

Ukumbi wote ukageuka. Nilitembea katikati yao, uso unawaka, hadi kwenye kiti alichokuwa amekishika kwa ajili yangu, chenye kitambaa cheupe juu yake. Dada, ndani ya gauni lake, alikuwa anauma midomo asicheke.

Nilikipapasa kwanza. Kilikuwa kikavu. Nikakaa.